Chapa ya Sarafu na Dhima ya Aliyeipiga

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu limezuka suala ambalo limekwisha kuleta maneno mengi, na mengine si ya adabu. Baadhi ya vijana wetu wasema kwamba mali ya haki ni dhahabu na fedha peke yake, na kwamba kila kisichokuwa hivyo, kikiwa karatasi au kikiwa bati, ni batili na ulaghai, wala hakifai kuandikiwa mahari. (Na wako waliokwenda mbele zaidi wakasema kuwa noti hazina Zaka. Hao hatuna haja ya kuwajibu kwa urefu. Yatosha kuwaambia kwamba noti hizo hizo huzikubali upesi wakilipwa mishahara yao.) Upande wa pili wako wafanya biashara na watu wa madeni, nao wasema: shilingi ni shilingi, aliyekopa mia alipe mia, hata kama mia ile ilikuwa ikinunua gunia na leo hainunui kibaba.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zatazama kitu kilichopigwa chapa, wala hazimtazami aliyeipiga chapa ile na ahadi aliyoitia ndani yake. Na ili jambo hili lipate kubainika, tumeona ni vyema tusimulie habari za sarafu zilizopigwa na miji ya Ujerumani wakati wa vita, kwani ndani ya habari zile mna kila sura ya suala letu: mna ukweli, mna hila, na mna dhulma iliyo wazi.

Vilipoanza Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1914, Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na wazee wetu, walikuwa na sarafu za dhahabu, za fedha, za nikeli na za shaba. Marki moja ilikuwa na pfennig 100. Marki ile ilikuwa na sifa kubwa ulimwenguni. Dola moja ya Marekani ilikuwa kiasi cha marki 4 na pfennig 20. Mara tu vita vilipowaka, benki yao kuu, Reichsbank, ikaacha kumpa dhahabu mtu aliyekuja na noti. Watu wakaingiwa na hofu. Mwenye dhahabu akaificha, na mwenye fedha akaificha. Kisha serikali nayo ikaanza kuzikusanya nikeli na shaba kwa ajili ya silaha, ikapiga sarafu za chuma na za zinki badala yake, wala hazikutosha. Hata wanawake waliombwa watoe vyombo vyao vya dhahabu, na wengi wakatoa pete zao za ndoa, wakarejeshewa pete za chuma.

Basi fikiri hali ya maskini katika mji kama ule. Ana kazi, ana ujira wake, na mwoka mikate ana mkate. Kilichokosekana ni kile kitu kidogo cha kati cha kuwakutanisha wawili hawa. Noti ni kubwa, chenji hakuna.

Ndipo mabaraza ya miji yakajisimamia yenyewe. Kwanza yalitoa vikaratasi, na kuanzia kiasi cha mwaka 1917 mamia ya miji ikapiga sarafu zake: za pfennig 5, za 10, za 50. Zilikuwa za chuma na za zinki, na baadaye hata za alumini. Nyingine mviringo, nyingine za pembe nne au pembe nane. Upande mmoja jina la mji na nembo yake, upande wa pili idadi. Na juu ya nyingi ya sarafu hizo liliandikwa neno Kriegsgeld, maana yake fedha za vita, au neno Kleingeldersatz, maana yake badala ya chenji.

Twaomba msomaji asimame kidogo katika neno hili la pili. Sarafu yajieleza yenyewe kwamba si sarafu hasa, bali ni badala yake. Haikudai kuwa dhahabu. Haikudai kuwa fedha. Yasema: mimi ni kipande cha zinki, lakini mji huu umesimama nyuma yangu, na ukinileta nitapokewa. Watu wa mji wakaipokea, mwoka mikate akaipokea, nauli ya tramu ikalipwa kwayo. Kipande cha chuma kisichokuwa na thamani ya kutajwa kikafanya kazi ambayo dhahabu ilishindwa kuifanya, kwa kuwa dhahabu ilikuwa imefukiwa sandukuni.

Imam al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alieleza katika Ihya kwamba dinari na dirhamu hazitakiwi kwa dhati yake. Zimewekwa ziwe mahakimu baina ya mali za watu, ili ijulikane ngamia huyu amelingana na nguo ngapi. Akazifananisha na kioo, ambacho chenyewe hakina rangi lakini huonyesha kila rangi. Na akasema kwamba mwenye kuzirundika na kuzificha ni mfano wa mtu aliyemfunga hakimu wa Waislamu gerezani, watu wakawa hawana wa kuwahukumu. Basi mwaka 1914 mahakimu walifungwa nyumba kwa nyumba. Je, watu wa mji wakiweka naibu wa hakimu, wakasema wazi kuwa ni naibu, wamefanya ulaghai gani?

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Al-Baladhuri amepokea kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipata kuazimia kufanya dirhamu kwa ngozi za ngamia, akaambiwa kuwa hapo ngamia watakwisha, akaacha. Aliacha kwa kuwahurumia ngamia, si kwa kuwa ngozi ni haramu kuwa fedha. Na Imam Malik alisema kwamba watu wakikubaliana kutumia ngozi mpaka zikawa ndizo sarafu zao, yeye angechukia zibadilishwe kwa dhahabu na fedha kwa kuakhirisha, kama zinavyochukiwa dhahabu na fedha zenyewe. Maana yake ni kwamba ngozi ikishachukua kazi ya fedha, huchukua na hukumu zake pia. Ajabu ni kwamba ngozi ile Wajerumani waliifikia kweli: mji wa Osterwieck ulitoa pesa za ngozi, mji wa Bielefeld ukatoa za hariri, na mwaka 1921 dola ya Sachsen ilitoa sarafu za udongo wa kaure zilizochomwa katika kiwanda cha Meissen, ambako hutengenezwa vikombe na sahani. Kwa hiyo hoja ya vijana wetu kwamba kosa liko katika kitu chenyewe yaanguka.

Lakini yasifahamike maneno yetu kwamba kila chapa ni halali. Ziko habari nyingine ndani ya habari hizi, na hapo ndipo penye uzito.

Baada ya vita kumalizika, wako watu waliopenda kuzikusanya pesa hizi za miji kama vile wengine wanavyokusanya stempu. Miji ikatambua. Mji wa Bonn ulipiga sarafu za chuma zenye sura ya Beethoven, mpiga muziki aliyezaliwa huko. Hilo ni jambo la fahari yao, hatuligombi. Lakini kufikia mwaka 1921 miji mingi ilikuwa ikichapa vikaratasi kwa mafungu mafungu, vimepakwa rangi nzuri na vina picha za visa vya kale, navyo havikukusudiwa kununulia mkate. Vilikusudiwa viuzwe kwa wakusanyaji, navyo vikapewa muda mfupi wa kurejeshwa. Vingine muda wake ulikuwa umekwisha pita siku vilipouzwa. Kila kikaratasi kilichokaa ndani ya kitabu cha mkusanyaji kilikuwa deni ambalo mji haukulilipa, na faida iliyoingia hazina. Serikali kuu ilipiga marufuku mchezo huu mwaka 1922.

Tazama tofauti. Mji ule ule, karatasi ile ile, baraza lile lile. Sarafu ya mwaka 1917 ilitolewa kwa nia ya kupokewa tena. Kikaratasi cha mwaka 1921 kilitolewa kwa kutaraji kwamba hakitarudi. Mtu atasema kuwa mkusanyaji aliridhika, alitaka picha akapata picha. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hatusemi kuwa alidhulumiwa. Twasema kwamba neno la ahadi lilianza kuandikwa na mtu asiyekusudia kulitimiza, na mkono ukishazoea hivyo hauachi upesi.

Na iko sura mbaya zaidi ya hiyo. Katika kambi za mateka wa vita, mateka walilipwa pesa za kambi, ambazo nje ya kambi si kitu. Mtu afanya kazi, apewa ujira, na ujira wake ni ukuta wa gereza lake, kwani hata akitoroka hawezi kununua kipande cha mkate njiani. Chapa hapa haikuwekwa kumsaidia mwenye kuishika. Iliwekwa imfunge.

Hata bara yetu ya Afrika ya Mashariki ilipata fungu lake. Wajerumani wa Tanganyika walipozingirwa na manowari za Waingereza, wasiweze kuletewa sarafu kutoka kwao, walipiga sarafu zao mjini Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli. Walipiga za heller 5 na 20 za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya ndovu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakauingia mji wa Tabora, na waliopiga chapa wakaondoka. Mwenye rupia ya dhahabu alibaki na dhahabu yake. Je, mpagazi au mchuuzi aliyekuwa na kipande cha heller mkononi, naye alilipwa kwa jasho lake, amwendee nani?

Kijana mwenye hoja yake aweza kufurahi hapa, aseme: mwaona, dhahabu ndiyo yenye kusalimika. Nasi twamjibu: imesalimika kwa nani? Mpagazi hakulipwa kwa dhahabu, wala hakuna zama ambazo mpagazi alilipwa kwa dhahabu. Wazee wetu hapa Mombasa walitumia pesa za shaba, na zile zilizopigwa mwaka 1888 kwa jina la Mombasa zilikuwa na picha ya mizani. Kibaba cha mahindi hakikununuliwa kwa dinari. Maskini siku zote ameishi kwa sarafu ambayo thamani yake ni ahadi ya mtu mwingine, na ndiyo sababu twasema kuwa dhima ya ahadi ile ni nzito.

Sasa tuje kwa wenye kusema shilingi ni shilingi.

Serikali ya Ujerumani ilipigana vita kwa kukopa, ikitaraji kwamba atakayeshindwa ndiye atakayelipa. Ikashindwa yenyewe. Ikawa na deni la watu wake, na deni la walioishinda, na mwezi wa Januari 1923 Wafaransa na Wabelgiji wakaiingia nchi ya Ruhr yenye makaa ya mawe, nayo ikachapa noti ili iwalishe wafanya kazi walioacha kazi kwa kupinga. Ilipofika Novemba 1923 dola moja, ile iliyokuwa marki 4 na pfennig 20, ilikuwa marki milioni milioni nne na zaidi. Jimbo la Westfalen lilipiga sarafu iliyoandikwa milioni mara milioni moja. Miji na viwanda vikarudia kutoa pesa zao, kwani chapa ya dola kubwa ilikuwa imekufa mikononi mwa watu.

Katika siku zile, mtu aliyekopa marki 10,000 za dhahabu kabla ya vita akajenga nyumba, alimwendea mdai wake na kikaratasi kimoja kisichonunua hata kiberiti, akamwambia: hesabu yako hii, nipe hati yangu. Na sheria ilikuwa upande wake, kwa maana marki ni marki. Wajane waliokuwa wakiishi kwa akiba zao, na wazee waliokopesha serikali wakati wa vita, walilipwa idadi kamili bila ya kupunguziwa hata pfennig moja, na wakalala na njaa. (Mikopo yao mingi ilikuwa ya riba, nasi hatuisifu. Lakini rasilimali ni haki ya mwenyewe, na Qur'ani imempa hata mwenye kutubia riba rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe.)

Tarehe 28 Novemba 1923, mahakama yao kuu iliyokuwa Leipzig ilihukumu katika kesi ya rehani kwamba mdaiwa hatoki katika dhima kwa kulipa idadi ile ile ya marki za karatasi, kwa kuwa hilo lapingana na uaminifu katika mikataba. Kisha sheria ya tarehe 16 Julai 1925 ikaamuru kwamba rehani zilipwe kwa robo ya thamani yake ya dhahabu. Waliokopesha serikali wenyewe hawakupata hata robo hiyo. Serikali iliwahukumu raia kwa robo, na nafsi yake ikaihukumu kwa chini ya hapo.

Wanavyuoni wetu walilizungumza suala hili kabla ya mahakimu wale kwa karne nyingi, tena kwa sababu ya sarafu za shaba zilizokuwa zikipanda na kushuka. Imam wetu ash-Shafi'i alisema katika al-Umm kwamba aliyekopesha sarafu kisha Sultani akazibatilisha, hana ila mithli ya alichokopesha. Abu Hanifa alifuata njia ya mithli katika mkopo. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alikwenda kwenye kima, akakihesabu kwa siku ya muamala. As-Suyuti aliandika risala juu ya jambo hili Misri, na Ibn Abidin akaandika yake Damascus. Na katika Wamaliki, ar-Rahuni alisema neno ambalo sisi twaliona ni la insafu: kwamba mithli ndiyo asili, isipokuwa sarafu ikiharibika sana hata mwenye kuipokea akawa kama mtu asiyepokea kitu chenye manufaa. Na katika zama zetu, Baraza la Fikihi la Kiislamu katika kikao chake cha Kuwait, mwaka 1988, liliamua kuwa deni hulipwa kwa mithli, lisifungwe kwa kupanda kwa bei.

Sababu ya wengi kushika mithli yajulikana. Mlango wa kima ukifunguliwa wazi, riba itaingia humo ikiwa imevaa kanzu na kilemba. Kila mdai atasema mali yangu imeshuka, niongeze. Kwa hiyo hatumwambii mtu aliyekopesha mwaka jana adai zaidi ya alichotoa. Lakini mithli iliwekwa ili mdai asidhulumiwe na mdaiwa asidhulumiwe. Ikigeuzwa kuwa chombo cha kumnyang'anya mjane, basi jina limebaki na maana imeondoka, kama sarafu ya Westfalen.

Na hili si jambo la Ujerumani peke yake. Mwanamke aliyeolewa hapa pwani mwaka 1971 akaandikiwa mahari ya kuakhirishwa shilingi 2,000, aliandikiwa mali. Zama zile dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 7, na mahari yake ilikuwa karibu ya dola 280. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa imepindukia shilingi 120, na zile 2,000 hazikufikia dola 17, nayo dola yenyewe imeshuka. Mume akifa au akimwacha, huletewa bahasha mbele ya mashahidi, na watu husema amelipwa haki yake yote. Hakudai mapema kwa sababu ya heshima, na kwa sababu mila yetu humwona mwanamke mwenye kudai mahari yake kuwa hana haya. Heshima yake ndiyo iliyomla.

Twasema, nasi tuko tayari kusahihishwa na wenye ilimu zaidi: shilingi 2,000 ni kima cha chini ambacho hapunguziwi. Mume mwenye uwezo akizidisha kwa ridhaa yake mpaka afikie kile alichokusudia siku ya ndoa, si riba, kwani hakukuwa na sharti. Na imethibiti kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikopa ngamia akalipa aliye bora kuliko yule. Warithi wakiwa watu wazima wakaridhia hivyo katika mafungu yao, hukumu ni hiyo hiyo. Fungu la mtoto mdogo lisiguswe ila kwa hukumu ya kadhi. Ama pale ambapo mithli imekuwa si kitu kabisa, kadhi asilione kuwa ni jambo geni kuwaita pande mbili kwenye sulhu kwa kauli ya ar-Rahuni. Na mume ambaye alikuwa na uwezo, akaombwa, akachelewesha miaka huku akiijua thamani yateremka, huyo hana udhuru wa shilingi ni shilingi. Kuchelewesha kwa mwenye nacho kumeitwa dhulma katika hadithi iliyo sahihi.

Kwa ndoa zinazofungwa sasa njia ni nyepesi. Mahari ya kuakhirishwa na itajwe kwa uzani wa dhahabu: gramu ngapi, na ya karati ngapi, na iandikwe hivyo katika cheti mbele ya walii na mashahidi kabla ya ijabu na kabuli. Yule mwenye kusema kuwa hili lawaogopesha vijana wasioe, na aandike gramu mbili. Hakuna aliyemlazimisha kuandika kumi. Na mwenye kushika mali ya yatima au ya wakfu wa msikiti asiiache ikilala kwa miaka ndani ya sanduku akidhani ameihifadhi, kisha siku ya hesabu akaitoa idadi kamili.

Wallahu aalam.